Kilomita 160 kwa siku: nilivyolipata gari langu la dizeli

Nyumba yetu iko Moshi, kazi yangu iko Arusha. Nilipohamishiwa huko watu wengi walinishauri nipange chumba, nirudi nyumbani mwisho wa wiki. Nilijaribu kwa miezi miwili. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa darasa la pili, na kila Jumapili jioni nikishika begi alikuwa anajificha nyuma ya mlango wa jikoni ili asinione nikiondoka. Nikarudisha ufunguo wa chumba cha watu, nikaanza kwenda na kurudi.

Mwaka mzima nilipanda Coaster. Saa 11 alfajiri niko stendi, nikirudi nyumbani watoto wameshakula na mmoja ameshalala. Mume wangu ndiye aliyesema tununue gari. Tukakaa mezani na kalamu. Kutoka Moshi mjini hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, kwenda na kurudi 160. Ukizidisha kwa siku 22 za kazi unapata kilomita 3,520 kwa mwezi. Namba hiyo niliibandika kwenye mlango wa friji, na bado ipo, kwa sababu ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata. Mtu anayekwenda kazini kilomita 6 anaweza kununua gari analolipenda kwa macho. Mtu wa kilomita 3,520 kwa mwezi ananunua injini, na hilo ndilo nililochelewa kulielewa.

Kwa wiki mbili kaka yangu aliniazima gari lake la petroli, cc 1,800. Lilikuwa linanipa kilomita 10 kwa lita, maana yake lita 352 kwa mwezi. Wakati huo lita moja ilikuwa inazunguka kwenye shilingi 3,000, dizeli na petroli zikipishana kidogo tu. Mwezi mmoja hii iko juu, mwezi mwingine ile. Zaidi ya milioni moja kwa mwezi ya mafuta peke yake, na mshahara wangu ni wa serikali. Ndipo tulipoanza kuzungumza habari ya dizeli.

Dizeli hailipi kwa sababu ni rahisi pale sheli. Inalipa kwa sababu injini yake inakula kidogo. Petroli za zamani zinabana hewa mara 9 au 10 hivi kabla ya plagi kutoa cheche. Dizeli za zamani zinabana zaidi ya mara 20 mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta bila cheche yoyote. Na lita moja ya dizeli ina nguvu nyingi ndani yake kuliko lita ya petroli. Kwa barabara ndefu, mwendo ule ule, gia ile ile kwa muda mrefu, hapo ndipo inapoonyesha faida yake. Lakini kubana huko kote kunadai injini nzito, hedi (kifuniko cha juu cha injini) isiyo na ufa na upoozaji usio na dosari. Dizeli iliyochoka haina huruma.

Gari la kwanza nilinunua milioni 11 na nusu. Aina yake sitaitaja, maana sina ugomvi na waliolitengeneza. Lilikuwa limetunzwa vibaya na mimi nikalinunua vibaya. Lilikuwa la abiria saba, dizeli yenye turbo, rangi inang'aa, tairi mpya nne, viti vimevalishwa vitambaa vipya. Nilifika kuliona saa 7 mchana. Injini ilikuwa ya moto. Dalali akasema, "Dada, nimetoka nalo sasa hivi kulitia mafuta." Nikaona sawa. Likawaka mara moja, tukazunguka nalo mtaani dakika kumi kwenye barabara tambarare, nikaridhika. Boneti tuliifungua, lakini nilichoangalia ni usafi. Injini ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, nami nikaichukulia kuwa ni dalili ya mtu mwangalifu. Leo nikiona injini ya dizeli imeoshwa asubuhi ya kuuzwa, najiuliza kwanza ilikuwa inavuja wapi.

Lilinitembeza miezi minne. Anayeijua njia yetu anajua kwamba ukitoka Moshi unateremka hadi mto Weruweru, halafu Kikafu, kona kali, daraja liko chini bondeni, kisha unapanda kuelekea Kwa Sadala na Boma Ng'ombe. Asubuhi moja, kwenye ule mlima wa baada ya daraja, nilikuwa nyuma ya lori la mizigo, gia ya pili, mguu umekandamiza. Mshale wa joto, ambao siku zote ulikuwa unalala chini kabisa, ukapanda kwa ghafla mpaka kwenye alama nyekundu. Kabla sijapata pa kusimama mvuke ulikuwa umeziba kioo.

Nilisimama. Kijana wa bodaboda akasimama naye, mtu mwema, akashuka na dumu mpaka mtoni akarudi nalo limejaa. Tulisubiri labda dakika kumi, nikiangalia saa kila mara kwa sababu nilikuwa na kikao saa 3. Kisha tukafungua rejeta kwa kitambaa, tukamwaga maji. Yale maji ya Kikafu yanashuka kutoka mlimani, yana ubaridi wa kukata vidole. Injini ilikuwa bado inaungua. Nilisikia sauti moja ndogo, kama kikombe kinachopasuka kwenye sinki. Nikadhani ni kifuniko.

Ilikuwa hedi. Ilipasuka kati ya valvu, kwenye silinda mbili. Fundi aliyeifungua alinionyesha ufa mwembamba kama unywele, akanionyesha na mambo mengine ambayo yalikuwepo tangu siku niliyolinunua. Thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto lake, haikuwepo, mtu alikuwa ameitoa. Ndiyo maana mshale ulikuwa unalala chini siku zote, mimi nikifurahi kwamba gari langu halichemshi. Rejeta ilikuwa imeziba nusu, ndani kuna tope la rangi ya kutu, kwa sababu lilikuwa limetembea na maji ya bomba miaka mingi bila kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini. Na hedi yenyewe ilikuwa na alama za kuchomelewa kabla. Yaani ilishawahi kupasuka, ikaunganishwa, rangi ikapigwa, tairi zikafungwa, likapelekwa sokoni.

Hedi ya mtumba ilitoka Gerezani, Dar es Salaam. Ukijumlisha hedi, gasketi, rejeta, usafiri na ufundi, nilitumia shilingi 3,150,000, na wiki tano nilirudi kwenye Coaster. Liliponyooka nililiuza milioni 8. Mnunuzi nilimweleza kila kitu, nikampa na ile hedi ya zamani aione, kwa sababu sikutaka mtu mwingine asimame pale Kikafu na dumu la maji. Hesabu yake ni shilingi 6,650,000 zilizoondoka ndani ya miezi tisa, achilia mbali mafuta. Kwa fedha hizo ningepata karibu gari jingine zima. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Zilikuwa fedha za mkopo.

Fundi aliyeninyooshea lile gari ni mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, hapa Moshi, ambaye amefanya kazi ya dizeli tangu ujana wake, pampu na nozeli zinazopuliza mafuta kwenye silinda, kisha injini nzima. Nilipokwenda kumwambia natafuta lingine, aliniuliza swali moja ambalo hakuna dalali aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, unatembea njia gani, na unarudi saa ngapi?" Nikamweleza. Akafikiri. Akasema asubuhi napanda, jioni nashuka. Hilo sikuwahi kulifikiria kwa namna hiyo, lakini ni kweli: Moshi iko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari na Arusha iko karibu mita 1,400, na sehemu kubwa ya kupanda iko baada ya njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, polepole, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, mpaka Tengeru. Si mlima wa kutisha, ni mpando mrefu ambao injini inaufanya ikiwa tayari ina moto wa kilomita 40. "Huko ndiko gari bovu linakojitaja," alisema.

Ushauri wake ulikuwa nisihangaike na turbo, nisihangaike na otomatiki, na nisinunue dizeli yenye mfumo ambao mafundi wa Moshi hawawezi kuupima. Dizeli za kisasa zenye reli moja ya mafuta na injekta za umeme ni nzuri, zina nguvu na hazina kelele, lakini injekta moja ikifa inaweza kukula mshahara, na wewe ni mtu wa kwenda kazini kesho. Alinitajia injini chache za kutafuta. Kwa gari dogo, Toyota ya 2C, cc 1,974, bila turbo, pampu ya kawaida ya mitambo. Au 3C, ndugu yake mkubwa, cc 2,184. Kwa pikapu, 3L au 5L, zile zilizobeba Hiace nyingi za nchi hii. "Haziendi mbio," akasema, "lakini kila gereji kutoka hapa mpaka Arusha inazijua, na spea zake unazipata hata Jumapili."

Nilitafuta miezi mitatu. Niliona magari kumi na moja. Sitayasimulia yote, mengine niliyaacha getini. Moja lilikuwa na kadi yenye jina la mtu aliyefariki na mirathi haijafunguliwa. Jingine kilomita zilisomeka 78,000 wakati mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana na usukani umekuwa laini kama sabuni. Kilomita zinarudishwa, pedali hairudishwi. La tatu, kwenye ukingo wa kifuniko cha oili kulikuwa na ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji yanaingia kwenye oili. Kwa muda huo wote nilikuwa napanda Coaster, na mume wangu hakunisukuma hata siku moja, jambo ninalomshukuru.

La kumi na mbili lilikuwa Sanya Juu. Corolla ya mgongo mrefu, stesheni wagoni, 2C, gia za mkono, rangi nyeupe iliyofifia, mlango wa nyuma una bonyeo. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Bei aliyotaja ni milioni 7 na nusu. Fundi wangu alimpigia simu mbele yangu: "Mwalimu, shikamoo. Tutakuja kesho saa 12 asubuhi. Tunaomba sana, usiliwashe kabla hatujafika."

Ilikuwa Julai. Sanya Juu asubuhi ya Julai ina baridi ya kuvaa makoti mawili, na ndiyo maana mzee aliichagua. Dizeli haina cheche, inategemea joto, kwa hiyo baridi ndiyo inayoifichua. Ukiiona Dar es Salaam mchana wa jua, au popote ikiwa imeshawashwa, hujaiona. Tulifika kabla jua halijatoka vizuri. Mzee hakusalimia gari kwa macho kwanza. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Kisha akafungua, akashika rejeta, akashika ekzosi pale inapotoka kwenye injini. Baridi kama jiwe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa ya kijani, yamejaa mpaka shingoni, safi. Akachovya kidole, akakinusa. Halafu akaniambia niingie niwashe swichi bila kupiga stata, nimhesabie taa. Nikasoma: ya chaji, ya presha ya oili, ya breki ya mkono, ile ya hita ya kupasha silinda, iliyochorwa kama waya uliojisokota, na T-BELT. "Hiyo ya mwisho ipo?" Ipo, nikajibu. T-BELT ni taa ya mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa kufuatana na pistoni. Dizeli nyingi za Kijapani zinayo, inawaka yenyewe zikifika kilomita 100,000 tangu iliporudishwa sifuri, kukumbusha kwamba mkanda ubadilishwe. Ukiwasha swichi lazima ionekane sekunde chache pamoja na wenzake. Kama haionekani, kuna uwezekano mtu ametoa balbu badala ya kubadilisha mkanda. Mkanda ukikatika kwenye dizeli ya aina hii pistoni zinakutana na valvu, na hapo habari ya gari imekwisha. Kwenye gari langu la kwanza taa hiyo haikuwepo. Nilikumbuka nikiwa nimekaa pale, mikono imekufa ganzi kwenye usukani wa mwalimu.

Taa ya hita ilikaa sekunde kadhaa ikazima. "Piga." Injini ikashika kwa mzunguko wa pili, ikatetemeka, moshi mweupe kidogo ukatoka nyuma, na ndani ya nusu dakika ukaisha. Mzee alisimama pembeni ameinamisha kichwa kama anasikiliza redio ya chini. Mweupe unaoisha ni baridi tu. Mweupe usioisha ni plagi za hita zimekufa, au kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, imechoka, au maji yanaungua. Wa bluu inakula oili. Mweusi ukikanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: nozeli, au pampu, au chujio la hewa limeziba. Hayo alinieleza hapo hapo, na naomba kila anayetaka dizeli ayashike, kwa sababu moshi haudanganywi na rangi mpya.

Kisha akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka, akakigeuza, akakiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kama injini imechoka, mvuke wa silinda unapenya pembeni ya pistoni na kushuka chini, na kifuniko kinarukaruka mpaka kinaanguka. Mafundi wanasema injini inapumua. Kifuniko cha mwalimu kilitetemeka tu, kikabaki mahali pake. Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakusema kitu.

Tulilitembeza kwa saa moja na nusu. Kutoka Sanya Juu kushuka Boma, kutoka Boma mpaka Kikafu, na pale chini darajani mzee akaniambia nigeuze nipande ule mlima gia ya tatu bila kulionea gari huruma. Moyo ulikuwa unanidunda. Mshale ulipanda hadi chini kidogo ya katikati, ukasimama hapo, maana yake thamostati ipo na inafanya kazi. Juu tulipaki, injini inazunguka. Akabonyeza mpira wa juu wa maji: una moto, lakini unabonyea. Ukiwa mgumu kama fimbo muda mfupi baada ya kuwasha, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi au hedi imeshakwenda. Tuliporudi kwa mwalimu tulikaa, tukanywa chai, tukasubiri injini ipoe kabisa ndipo akafungua rejeta na kutazama kiwango. Kilikuwa pale pale.

Ila kilichoniamulia mimi hakikuwa chini ya boneti. Mwalimu aliingia ndani akatoka na daftari la mistari, lile la shule. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kilomita, na kilichofanyika: oili, chujio la oili, chujio la dizeli, mkanda wa taimingi pamoja na tenshena inayoukaza na pampu ya maji, bushi za mbele. Miaka kumi na moja, kwa mwandiko wa ubaoni. Nilimwomba apunguze, akapunguza hadi 7,200,000, na nikaona haya kuomba zaidi.

Upande wa karatasi nitaupita haraka, lakini usiuruke: kadi iwe na jina la anayekuuzia, namba ya chesisi na ya injini uzisome kwenye chuma chenyewe na zilingane na kadi, uulize faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba ya gari, mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria, na uhamishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato, wiki ile ile. Wengine wanaacha kadi na jina la muuzaji miaka mingi. Sielewi wanalalaje.

Sasa nimetembea na Corolla ile miaka miwili na nusu. Napima mafuta kwa njia ya kawaida: najaza tangi mpaka pampu ikate, narudisha mita ndogo ya safari sifuri, nikijaza tena nagawanya. Kwa mwendo wangu wa 80, na 50 pale penye vibao vya makazi, inanipa kilomita 16 kwa lita. Hiyo ni lita 220 kwa mwezi, pungufu ya lita 132 kuliko gari la kaka. Kwa bei ya 3,000 ni shilingi 396,000 zinazobaki nyumbani kila mwezi. Wenzangu watatu wa ofisi za jirani ninaopanda nao wanachangia mafuta, kwa hiyo hata hizo 220 si zangu peke yangu. Mpando wa Maji ya Chai Corolla inaufanya gia ya nne, taratibu, magari yananipita, na sijali. Ukikimbia vijijini pale, askari wa tochi ya kupima mwendo anakusubiri na faini yake ya 30,000.

Gharama ambayo watu hawaihesabu ni sevisi. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi, na mimi nabadilisha kila kilomita 5,000. Kwa safari zangu hiyo ni siku 31 za kazi, yaani kila wiki ya sita. Mtu akisikia "kila 5,000" anadhani ni mara mbili kwa mwaka. Kwangu ni karibu mara nane. Naweka oili iliyoandikwa kwa ajili ya dizeli, siyo yoyote iliyoko rafuni. Chujio la dizeli nabadilisha kila sevisi ya pili, na katikati, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nafungua ile skrubu ya chini ya chujio na kumwaga maji yaliyotuama kwenye kichupa cha kioo. Miezi mingi hayatoki. Mwezi mmoja yalitoka vijiko vitatu, na sheli niliyokuwa naijaza nikaiacha.

Kwa sababu habari ya dizeli huku kwetu haiwezi kukamilika bila mafuta yenyewe. Tuliokuwa watu wazima miaka ya 2010 tunakumbuka uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa kwa kuwa ya taa yalikuwa na kodi ndogo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali ilipungua sana. Lakini mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu ya dizeli inalainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake. Kwa hiyo ukinunua dizeli ya mtumba, unanunua na historia ya mafuta iliyokunywa. Pampu iliyokula mafuta mabaya inaanza kusumbua kuwaka ikiwa ya moto. Ndiyo maana mzee alilizima gari la mwalimu pale juu ya Kikafu, akasubiri dakika tano, akaliwasha tena. Mimi najaza sheli moja, yenye magari mengi ya mizigo yanayojaza kila siku, kwa kuwa mafuta hayalali kwenye tangi. Bei kikomo ya EWURA inatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo Jumanne naangalia kama kuna haja ya kujaza au kusubiri.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja aliniona na Corolla akavutiwa, akanunua dizeli yake, ya kisasa zaidi, yenye chujio la masizi kwenye ekzosi. Yeye anakaa Njiro, Arusha hapo hapo, ofisi iko kilomita chache. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushiwa kiwango cha juu cha salfa hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) kuanzia Januari 2015, kwa hiyo magari ya namna hiyo yanaweza kuishi huku, lakini chujio lile linahitaji safari ndefu yenye joto ili liunguze masizi yake. Kwa safari za dakika kumi halipati nafasi. Lake liliziba ndani ya mwaka, gari likakataa kuvuta, na alilipa fedha nyingi kulisafisha. Nilisikitika kwa sababu aliniiga mimi bila kuniuliza. Ningemwambia asinunue dizeli kabisa. Kama kwenda na kurudi hakufiki kilomita 40 kwa siku, petroli ndogo itakutunza vizuri zaidi, na akiba ya mafuta haitafikia gharama za oili na nozeli.

Corolla imenidai vitu pia. Plagi za hita zote nne baada ya mwaka wa kwanza. Klachi. Nozeli zilipelekwa kupimwa zikabadilishwa ncha. Shokapu za nyuma mara mbili, kwa matuta ya Usa River na watu wanne ndani. Ukijumlisha yote, bila oili na tairi, kwa miaka miwili na nusu haijafika ile 3,150,000 ya hedi moja. Na haijanilaza barabarani hata siku moja. Niliwahi kupata pancha pale Kwa Sadala, nikabadilisha tairi, nikafika ofisini saa 2 na robo.

Kinachofuata ni mkanda. Mwalimu aliubadilisha ukiwa umebaki na safari ndefu mbele, lakini nimeuongezea kilomita 90,000 na zaidi, na pamoja na zile alizotembea yeye zinakaribia 100,000. Taa haijawaka. Mzee ameniambia tusiingoje. Tenshena na pampu ya maji nimeshanunua, viko kwenye boksi chini ya kitanda, na Jumamosi hii nalipeleka Majengo. Daftari la mwalimu limebaki kurasa mbili. Mtoto wangu, yule aliyekuwa anajificha nyuma ya mlango, ameniletea la kwake ambalo hajaliandika, na juu ya jalada ameshaweka namba ya gari kwa kalamu nyekundu.